Kumngoja Mtoto kwa Mwendo na Maandalizi

Mimba ikitimia mwezi wa saba, watu wa nyumbani aghalabu hugawanyika makundi mawili katika kumtazama mwenye nayo. Kundi la kwanza humfanya mgonjwa: huambiwa asinyanyuke, asishuke ngazi, asipite uani, na kila anapotaka kujinyosha hukumbushwa kuwa amebeba amana isiyostahili kutikiswa. Kundi la pili humwona ni mtu yule yule aliyekuwa kabla ya himila: ndoo yake ya maji haikupungua, mzigo wake wa kuni haukupungua, shamba lake halikupata mkono wa pili, na akilalama kuwa kiuno kinamuuma hujibiwa kwamba bibi zake walizalia shambani na wala hawakulalama. Makundi haya yanapingana kwa maneno, walakini hukutana katika kosa moja, nalo ni kumwachia mwanamke peke yake shughuli iliyo ya nyumba nzima. Aliyelazwa kitandani bila ya sababu ya kitabibu hudhoofika kabla ya siku ya uchungu, na aliyetwishwa huifikia siku hiyo akiwa amekwisha kuchoka.

Muradi wa makala haya ni kuieleza njia iliyo baina ya hizo mbili. Mjamzito mwenye siha anahitaji mwendo wa mwili kila siku, hata katika miezi mitatu ya mwisho. Lakini mwendo huo hauwezi kumfaa isipokuwa walio karibu naye wamemtua mizigo iliyozidi kiasi, na mikono hiyo hiyo inayomtua mizigo ndiyo inayopaswa kumwandalia safari, fedha, damu na mapokezi ya mtoto.

Mwili unavyojitengeneza

Hatuwezi kuipima kazi inayofaa kabla ya kuujua mwili unaotakiwa kuifanya. Mtoto wa wiki 28 kwa kawaida huwa na uzito wa kilo moja hivi, na katika wiki 12 zinazobaki huongezeka mpaka kufikia kilo tatu au zaidi, yaani sehemu kubwa ya uzito wake wa kuzaliwa huipata katika muhula huu mfupi. Damu ya mama, iliyoanza kuongezeka tangu miezi ya mwanzo, sasa imezidi kwa karibu nusu ya kadiri yake ya kawaida, na moyo hauna budi kwenda mbio zaidi ili kuizungusha. Homoni za mimba, na miongoni mwao ile iitwayo relaksini, hulegeza kano zinazoshika mifupa ya nyonga ili njia impishe mtoto. Lakini ulegevu huo hauishii nyongani, bali goti na kifundo cha mguu navyo huwa vyepesi kuteguka. Tumbo nalo limeuvuta uzito wa mwili mbele, na mgongo hujipinda nyuma ili kuusawazisha, na hiyo ndiyo asili ya maumivu ya kiuno ambayo wajawazito wengi huyajua. Juu, mji wa mimba umepanda hata chini ya mbavu, ukalibana pafu, na pumzi ikawa fupi ngazini.

Mambo hayo yote si maradhi. Ni matengenezo ambayo mwili hujifanyia wenyewe kwa ajili ya kazi kubwa iliyo mbele yake, na kama ilivyo kwa kila anayejitayarisha kwa kazi ya nguvu, misuli inayotumiwa kwa kadiri huimarika, na ile inayoachwa bila ya matumizi hunyong'onyea.

Maarifa haya si mapya. Tabibu wa Kiingereza, Kathleen Vaughan, aliyefanya kazi Kashmir, aliandika mwaka 1928 juu ya wanawake waliotawishwa ndani ya majumba wasione jua, ambao mifupa ya nyonga zao ililegea na kupotoka kwa kukosa mwanga, hata kuzaa kwao kukawa kwa taabu na hatari. Ilhali wanawake wa mashuani, waliokuwa wakipiga makasia na kuishi juani katika maji ya nchi hiyo hiyo, waliona wepesi mkubwa zaidi. Sababu yake leo inafahamika vizuri: ngozi ikipata jua mwili hutengeneza vitamini D, na bila ya vitamini hiyo mifupa haiwezi kuipokea chokaa ya chakula. Somo lake kwa mama wa pwani yetu si kuacha sitara yake, maana uani mwa nyumba mna jua la kutosha la asubuhi, bali ni kwamba heshima ya mwanamke haikukusudiwa iwe kifungo cha viungo vyake.

Mwendo ulio na manufaa

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya mwendo wa mwili, na kwa wajawazito wasio na kizuizi cha kitabibu likashauri muda usiopungua dakika 150 kila wiki wa shughuli za nguvu ya wastani, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli na kunyosha viungo. Manufaa yaliyotajwa si haba: hupungua hatari ya kisukari cha mimba, ya shinikizo la damu na ya unene uliopindukia, hupungua matatizo wakati wa kujifungua, na hupungua huzuni nzito inayowapata baadhi ya wazazi baada ya kuzaa; wala uzito wa mtoto haupati madhara kwa mwendo wa namna hiyo.

Dakika 150 zikigawanywa ni nusu saa kwa siku tano, na nusu saa hiyo yenyewe yaweza kukatwa vipande vitatu vya dakika kumi kumi kwa yule ambaye pumzi yake imekuwa fupi. Asiyezoea asianze kwa haraka, bali aongeze kidogo kidogo kadiri mwili unavyomwitikia. Kipimo cha nguvu ya wastani hakihitaji chombo wala saa: mama anayetembea na mwenzake aweze kuzungumza naye bila ya kukatizwa na pumzi, lakini akitaka kuimba ashindwe. Akiwa hawezi hata kuzungumza, amezidisha. Na akiwa anaweza kuimba kwa raha zake, aongeze hatua kidogo.

Kutembea ndiko kunakowafaa wengi, kwa kuwa hakuna gharama wala hakutaki mwalimu. Wakati bora ni asubuhi kabla jua halijakaza, au baada ya alasiri upepo unapoanza kupunga, hasa katika miezi ya kaskazi ambayo joto lake la mvuke huuchosha mwili wa mjamzito upesi. Viatu viwe vya kisigino kifupi na vyenye kuushika mguu, si ndara za kuteleza. Njia iwe tambarare. Maji ya kunywa yachukuliwe. Na mtu wa kufuatana naye, awe mume, mdogo wake au jirani, asikosekane katika wiki za mwisho.

Nyumbani, juu ya mkeka, yako mazoezi mengine yasiyohitaji nafasi kubwa. La kwanza ni kusimama kwa magoti na viganja, mgongo ukiwa sawa kama meza, kisha kuukunja polepole kuelekea juu huku pumzi ikitoka, na kuurudisha sawa huku pumzi ikiingia. Katika hali hiyo uzito wa tumbo huning'inia chini, na kiuno hupumzika. La pili ni kuchuchumaa kwa kushikilia mwimo wa mlango au meza isiyoyumba, nyayo zote zikiwa zimekanyaga chini, na kuinuka taratibu kwa nguvu za mapaja. Tendo hili, ambalo bibi zetu walilifanya kila siku mbele ya mafiga yao bila ya kuliita zoezi, huimarisha miguu na kuipanua nyonga. Lakini ikiwa mtoto ametanguliza makalio au magoti yanauma, mama amwulize mkunga wake kwanza. La tatu haliwezi kuonekana na mtu: ni kuibana misuli ya chini ya nyonga kana kwamba mtu anazuia mkojo, kuishikilia kwa muda wa kuhesabu tano, na kuiachia pole pole, mara kadhaa asubuhi na jioni. Misuli hiyo ndiyo inayobeba uzito wa mji wa mimba, na inapoimarishwa mama huepukana na fedheha ya mkojo unaotoka kwa kikohozi au kicheko, jambo ambalo wengi hulivumilia kimya kimya wakidhani ndiyo ada ya kuzaa.

Yako ya kuepukwa. Mjamzito aliyevuka miezi mitatu ya kwanza asifanye mazoezi kwa kulala chali, kwa kuwa mji wa mimba ukilalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, mama hupata kizunguzungu na damu ya mtoto hupungua. Kadhalika aepuke kuruka, kupanda juu ya viti au ngazi za kuegemeza, na kila jambo lililo na hatari ya kuanguka. Na kwa baadhi ya wanawake mazoezi si halali ya kitabibu mpaka wapewe ruhusa: mwenye kutokwa na damu, ambaye kondo lake limetangulia kwenye mlango wa kizazi, aliyekwisha ona dalili za kuzaa kabla ya wakati, mwenye maradhi ya moyo au mapafu, mwenye upungufu mkubwa wa damu, na mwenye shinikizo la damu lililotokana na mimba. Ambaye hana hata moja katika hayo naye aache kutembea mara moja, aketi na kutafuta msaada, akiona damu, maji yanayochuruzika, maumivu ya kifua, kizunguzungu, au tumbo linalokaza na kuachia kwa mpangilio kabla ya miezi kutimia.

Mwenye kuswali ataona kuwa rukuu na sijida huzidi kuwa nzito kadiri tumbo linavyokua, na sheria imempa rukhsa ya kuswali ameketi pindi kusimama au kuinama kukimdhuru. Rukhsa hiyo ni rehema, na hapana ubora wowote katika kuikataa kwa kujitesa.

Sulubu isiyo mazoezi

Hapa ndipo penye ubishi, kwa kuwa wengi husema: mwanamke wa shamba na wa pwani anafanya kazi tangu alfajiri hadi magharibi, ana haja gani ya kuambiwa habari za mazoezi? Na tutazame kazi moja kwa karibu. Katika vijiji vya Paje, Jambiani na Bwejuu, mashariki ya Unguja, ambako ukulima wa mwani wa biashara ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980, kazi hii imo zaidi mikononi mwa wanawake. Bahari inapokupwa mkulima hushuka mpaka kwenye vigingi vyake, akainama kutoka kiunoni, maji yakimfika magotini, akifunga kipande baada ya kipande cha mwani katika kamba iliyotandwa baina ya vigingi. Jua humpiga mgongoni, na mwanga wake hurudi usoni kutoka majini. Siku ya kuvuna hupanda ufukweni na gunia la mwani mbichi linalochuruzika maji, miguu ikizama mchangani na kuteleza juu ya mawe.

Ndani ya kazi hiyo moja mna mambo mawili yasiyofanana. Mwendo wa kutoka nyumbani mpaka pwani, katika baridi ya asubuhi, ni wa manufaa kwa mjamzito. Lakini kuinama saa nzima nzima, kusimama juani pasipo maji ya kunywa, na kulinyanyua gunia lililolowa huku kano za kiuno zimelegea, hakumwongezei nguvu bali humwondolea. Na iwapo chakula chake ni kidogo, sulubu hiyo hunyang'anya kile kilichostahili kumjenga mtoto. Tofauti ya mazoezi na sulubu ni hii: mazoezi humwacha mtu na pumzi yake na hamu ya kesho, na mwenyewe anaweza kuyakatiza apendapo, ama sulubu haikatizwi, kwa sababu kuna anayeingojea.

Dawa yake si kumkataza kazi mwanamke ambaye riziki ya watoto wake imo kazini humo. Dawa ni kuigawa kazi. Kufunga mbegu za mwani katika kamba kunaweza kufanyika kwa kuketi kivulini ufukweni au barazani, na hiyo ikawa sehemu yake. Kusimamisha vigingi na kubeba magunia kukawa sehemu ya mume, ya kaka, au ya wanakikundi wenzake kwa zamu, naye atawalipa siku mimba itakapokuwa ya mwingine. Kwa mfano huo huo, bara na pwani, ndoo kubwa ya maji igawanywe madumu madogo, kutwanga kushikwe na mwingine, kuni zichanjwe na mwanamume, na mwuza duka au mwalimu anayesimama kutwa nzima apatiwe kiti na nafasi ya kuinua miguu. Wasimamizi wa kazi nao wajue kwamba sheria za kazi za Kenya na Tanzania zimeweka likizo ya uzazi, na kumtendea mjamzito kwa insafu si hisani ya kutangazwa bali ni haki ya mtu.

Chakula, usingizi na kliniki

Chakula cha muhula huu hakitaki fahari. Dagaa, maharage, kunde, mchicha, kisamvu, mayai na samaki humpa mama damu na humjenga mtoto. Na ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga, au chungwa baada ya kula, huusaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo. Chai, kinyume chake, huyazuia, kwa hiyo na ingojee saa moja au mbili baada ya chakula. Desturi ya kula udongo, unaouzwa sokoni kama kitu cha kawaida, inafaa kuachwa, kwa kuwa huweza kuleta minyoo na kuyazuia madini yale yale ya chuma yanayotafutwa. Na mwenye hamu kubwa ya udongo aiseme kliniki, maana aghalabu hamu hiyo ni dalili ya upungufu wa damu. Juu ya tende, ambazo Waislamu huzihusisha na kisa cha Bibi Maryamu, utafiti mdogo uliofanywa Jordan na kuchapishwa mwaka 2011 uliona kuwa wanawake waliokula tende sita kila siku katika wiki nne kabla ya tarehe yao walifika hospitali mlango wa kizazi ukiwa umefunguka zaidi kuliko wenzao. Ushahidi huo si mkubwa, walakini tende ni chakula chema kwa asiye na kisukari.

Usingizi nao una adabu yake. Tangu wiki ya 28 mama ajizoeze kuanza kulala kwa ubavu, kwa sababu ile ile ya mshipa mkubwa tuliyoitaja, na mto au kanga iliyokunjwa iwekwe baina ya magoti. Akiamka usiku akajikuta chali asifadhaike. Ageuke tu na kulala tena. Na asilale bila ya chandarua chenye dawa, kwa kuwa malaria ya mimba hulishambulia kondo na kumpunguza mtoto uzito.

Kuhusu kliniki, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 uliongeza mahudhurio kutoka manne mpaka manane, na matano kati ya hayo yamo katika muhula wa mwisho: wiki ya 30, 34, 36, 38 na 40. Wingi huo una sababu. Shinikizo la damu na protini katika mkojo, ambavyo ndivyo vitangulizi vya kifafa cha mimba, huweza kujitokeza ghafla katika wiki hizi bila ya mama kuhisi chochote; damu nayo hupimwa, na mkunga hupapasa tumbo ajue kama mtoto ametanguliza kichwa. Vidonge vya chuma na foliki hunywewa kila siku, na katika nchi zenye malaria hutolewa dawa ya SP tangu muhula wa pili, dozi kwa dozi zikipishana mwezi mmoja au zaidi, zisipungue tatu. Ikionekana mtoto hajageuka, kazi ya kumgeuza ni ya mtaalamu hospitalini. Kusuguliwa tumbo kwa nguvu na mtu asiye na ujuzi huweza kulibandua kondo. Na dawa za miti za kuongeza uchungu ziepukwe kabisa, kwa kuwa huukaza mji wa mimba kwa kiasi kisichopimika, hata ukapasuka.

Dalili za hatari zijulikane na kila mtu mzima wa nyumba, si mama peke yake: damu ukeni, kichwa kuuma sana, macho kuona kiwi, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maumivu makali ya tumbo, shida ya kupumua, maji kutoka kabla ya uchungu, na mtoto kupunguza kucheza. Hili la mwisho linahitaji mkazo, kwa sababu wako wanaoamini kwamba mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa. Hatulii. Hubadilisha namna ya kucheza kwa ufinyu wa nafasi, lakini hapunguzi, na mama aliyeona utulivu asiouzoea aende kliniki saa hiyo hiyo, asingoje asubuhi.

Safari, fedha na damu

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba vifo vingi vya wazazi hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kukata shauri la kutafuta msaada, kuchelewa kufika panapo msaada, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mawili ya mwanzo kwa sehemu kubwa yamo katika uwezo wa nyumba na mtaa kuyapunguza, iwapo yatazungumzwa mapema.

Kwanza ni shauri. Katika nyumba nyingi mwenye kauli ni mume, au mama mkwe, au mjomba. Naye akiwa safarini, wote hungoja. Basi mwenye kauli na aitoe mwezi wa saba, mbele ya watu, kwamba dalili ikionekana yeyote aliyepo ampeleke mgonjwa hospitali pasipo kuuliza. Maneno hayo machache huweza kuokoa roho mbili, na hayampunguzii mtu heshima yake hata chembe.

Pili ni chombo. Aliye mjini apatane na dereva wa teksi au jirani mwenye gari, achukue namba zake, na ajue wa pili iwapo wa kwanza hapatikani. Wa visiwani ana hesabu nyingine. Katika kisiwa cha Pate, mashua za kwenda Amu kwa kupitia mkondo wa Mkanda hutazamia maji yajae, na uchungu hauulizi kama bahari imejaa au imekupwa. Kwa hiyo familia ya huko yapaswa kuijua hesabu ya bamvua na maji mafu ya wiki zile za mwisho, na iliyo bora ni kumvusha mama mapema akakae kwa jamaa karibu na hospitali. Penye nyumba za kungojea uzazi kando ya hospitali, mwanamke aliyezaa kwa upasuaji hapo awali, au mwenye mimba ya pacha, asione haya kuzitumia.

Tatu ni fedha na vifaa. Mahali pengi mjamzito huambiwa aje na vitu vyake, navyo ni vema viwe vimefungwa katika begi moja kabla ya wiki ya 36: kadi ya kliniki, kanga na vitenge safi, mpira wa kulalia, glovu, pamba, wembe mpya ndani ya karatasi yake, kibanio cha kitovu, beseni, sabuni na nguo za mtoto. Kiasi cha fedha kiwekwe kando, hata kwa shilingi chache chache, mahali ambapo si mama peke yake anapopajua.

Nne ni damu. Kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa ni sababu kubwa ya vifo vya wazazi, na huweza kummaliza mtu katika muda wa saa chache. Kundi la damu la mama lijulikane na liandikwe, na watu wawili au watatu wenye siha wawe tayari kuchangia. Hakuna zawadi ya arobaini inayoweza kulingana na hiyo.

Mwenzi wa chumba cha uzazi

Mganga wa Kiingereza, Grantly Dick-Read, katika kitabu chake cha mwaka 1933, alishikilia kwamba hofu huukaza mwili, na mwili uliokazana huuzidisha uchungu. Si kila uchungu huletwa na hofu, lakini jambo hili wakunga wengi hulithibitisha kwa macho yao: mwanamke anayejua kinachotokea, na aliye na mtu wa kumshika mkono, huvumilia zaidi kuliko aliye peke yake. Pwani yetu ilikuwa na hazina hiyo katika somo na shangazi, waliomfunza mwali mambo ya unyumba na wakawa naye pia katika uzazi. Mama achague mapema nani atafuatana naye, na waulize hospitali kama mwenzi anaruhusiwa kuingia. Wajifunze pamoja pumzi za uchungu: kuvuta taratibu kwa pua, kutoa kwa kinywa kwa muda mrefu zaidi, na kuyalegeza mabega na taya. Uchungu ukianza na mkunga akikubali, atembee, aegemee, abadilishe mkao. Kusimama na kutembea katika hatua ya mwanzo huweza kuifupisha, naye aliyejizoeza katika wiki zilizotangulia ataziona faida zake.

Mapokezi ya mtoto

Wako wanaochelea kununua nguo za mtoto kabla hajazaliwa kwa kuogopa jicho la hasidi. Hatuna haja ya kugombana nao, maana kitu bora cha kumpokelea mtoto tayari kimo sandukuni. Kanga kuukuu zilizofuliwa mara nyingi hata zikawa laini zifuliwe tena kwa sabuni, zianikwe juani, zipigwe pasi na kukunjwa: mbili za kumkausha na kumfunika mara atokapo, nyingine zikatwe ziwe winda, na moja ya kumfunga mama na mwanawe kifua kwa kifua.

Mtoto awekwe titini ndani ya saa ya kwanza. Dang'a, maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo, yasikamuliwe na kumwagwa, kwa kuwa ndiyo kinga yake ya kwanza, na kwa miezi sita asipewe kingine, si maji wala uji, ila dawa aliyoandikiwa na mganga. Kuogeshwa kungoje siku moja, ili asipatwe na baridi. Kitovu kiachwe kikavu na safi, kisipakwe majivu wala samadi. Ama uji wa pilipili manga, supu ya pweza, kukandwa kwa maji ya moto yasiyounguza, na pumziko la arobaini, hizo ni hisani ambazo mila imemwekea mzazi, na nyumba iziandae mapema pamoja na zamu za wapishi na wafuaji, kwa sharti kwamba pumziko hilo lisiwe la kulala moja kwa moja. Mzazi asiye na tatizo ainuke na kutembea kidogo tangu siku ya kwanza, ili damu isigande miguuni.

Basi nyumba yoyote iliyo na mjamzito wa miezi saba na ikae jioni moja, mume akiwepo, wakubwa wakiwepo, na mama mwenyewe akipewa nafasi ya kusema kwanza. Iulizwe ni mizigo ipi atatuliwa kuanzia kesho, na na nani. Ni saa ngapi atatembea, na pamoja na nani. Nani ana kauli mwenye kauli asipokuwapo. Chombo kipi kitamchukua, fedha ziko wapi, na nani atatoa damu. Maswali hayo hayamalizi muda wa kunywa kahawa, na majibu yake yakishapatikana kila mtu wa nyumba hiyo atakuwa ameshika sehemu yake ya himila, kama inavyompasa.